Ugonjwa wa Ngozi, Huzuni, na Kipimo cha Damu

(Maneno ya katibu wa tawi mbele ya mkutano wa wanachama)



Mkutano uliopita ndugu mmoja wa kazi ya ujenzi aliuliza swali. Ana soriasisi miaka tisa sasa. Ngozi imembabuka viwikoni na mikononi, wenzake hawataki kunywea kikombe chake, usingizi hapati, na chakula hakina ladha kinywani. Nyapara amemwita mvivu. Akauliza, "Je, hakuna kipimo cha damu cha kuonyesha kwamba mimi ni mgonjwa kweli, nimpelekee karatasi?" Baadhi yetu tulicheka, na mimi nilikuwamo. Tulikosea. Nimewauliza madaktari na nimesoma.

Kwanza, soriasisi haiambukizi. Kikombe chake ni kikombe kama vingine. Askari wa mwili, wale watulindao na vijidudu, wamegeuka kuusumbua mwili wenyewe, na ngozi ambayo kwa kawaida hujibadili kwa karibu mwezi mzima hujibadili kwa siku chache tu, hata magamba yakarundikana.

Sasa damu. Askari hao hupelekeana habari kwa protini zipitazo damuni, mojawapo ikiitwa TNF. Ini nalo likipata habari hizo hutoa protini iitwayo CRP, ambayo hupimwa maabara. Habari hizo hufika hata kwenye ubongo. Hili lilionekana kwa watu wa ugonjwa wa ini waliotibiwa kwa sindano za intaferoni, ambayo ni protini ya jamii hiyo hiyo: baadhi yao walishikwa na huzuni nzito ambayo hawakuwa nayo kabla. Tena mwaka 2006 ilitangazwa habari ya wagonjwa 618 wa soriasisi. Waliopewa dawa ya kuzuia TNF walipungukiwa na huzuni kuliko waliodungwa sindano isiyo na dawa, na nafuu hiyo haikufuatana sana na kutakata kwa ngozi. Basi huzuni ya ndugu yetu si haya ya kutazamwa na watu peke yake. Huenda sehemu yake imo damuni.

Lakini karatasi anayoitaka haipo. CRP hupanda kwa malaria, kwa kidonda, hata kwa unene. Mtu aweza kuwa na CRP ya juu na moyo wake mkunjufu. Mwingine CRP yake iko chini, naye anafikiria kujiua. Huko Marekani watu 60 ambao huzuni yao ilikuwa haisikii dawa walijaribiwa, wengine wakipewa dawa ya kuzuia TNF, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Kwa jumla dawa haikushinda. Wale tu waliokuwa na CRP ya juu ndio walioonekana kunufaika. Kwa hiyo labda siku moja damu itamsaidia daktari kuchagua dawa. Kumtambua mwenye huzuni haiwezi leo, na atakayekuuzia kipimo cha namna hiyo, fedha yako kaa nayo.

Kipimo kilichopo ni maswali. Kwa wiki mbili zilizopita, umekosa raha katika mambo uliyokuwa ukiyapenda? Umekata tamaa? Usingizi je? Umewaza kwamba heri kufa? Daktari akiuliza hayo na kuandika majibu, hiyo ndiyo karatasi. Ukienda kliniki ya ngozi usingoje kuulizwa, maana pale wengi hutazamwa mikono tu. Sema mwenyewe. Na mwenye mawazo ya kufa asingoje kliniki wala mkutano. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na mwenzake asimwache peke yake.

Wale ambao mikono yao imeharibiwa na saruji, hilo ni jambo jingine. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Njooni ofisini mwandikishe.

Ndugu yetu anakwenda kliniki Jumanne. Mjumbe wa idara yake atafuatana naye, na ruhusa ya siku hiyo nimekwisha kuiomba kwa maandishi. Kikombe chake mimi nimekinywea leo asubuhi.