Mlango wa Pikapu Ufungwe

Wapo madereva wa pikapu ambao, wakitoka Jinja kwenda Mbale bila mzigo, hushusha mlango wa nyuma ili upepo upite, wakidhani wataokoa mafuta. Wanajipunja. Mlango ukifungwa, hewa hujizungusha ndani ya bodi ikawa kama godoro, na upepo unaotoka juu ya kebini ya dereva huteleza juu yake. Turubai lililokazwa husaidia kidogo zaidi. Likipigapiga, bora ulivue. Ila mlaji mkubwa wa mafuta ni kasi: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, ukinzani wa hewa hupanda kwa zaidi ya nusu. Kwenye barabara za vumbi za Budondo, unapotambaa na shehena ya miwa, hayo yote ni madogo. Huko, pimeni upepo wa tairi.