Bei ya Programu Yawatia Hofu Watunzi wa Michezo ya Kompyuta

Kijana anayetunga michezo ya kompyuta huko Anderlecht, jijini Brussels, aghalabu hujenga kazi yake juu ya programu ya kampuni nyingine, mfano wa fundi aliyepanga karakana pamoja na vyombo vyake.

Tarehe 12 Septemba 2023, kampuni ya Unity ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 ingetoza hadi senti 20 za dola kila mchezo unapopakiwa kwenye simu au kompyuta, pindi ukishavuka kiwango fulani cha mapato na watumiaji. Hasira zikazuka. Mchezo unaogawiwa bure, ukipakiwa mara milioni 1 zaidi ya kiwango hicho, ungeweza kudaiwa dola 200,000, ilhali wachezaji wengi hawajalipa chochote.

Siku 10 baadaye masharti yalilegezwa. Oktoba mkuu wa kampuni, John Riccitiello, akaondoka. Na Septemba 2024 ada ikafutwa.

Baadhi ya watunzi walihamia Godot, programu huria yenye asili ya Argentina. Hata hivyo, kuhama katikati ya kazi ni kuanza upya. Swali lililobaki ni hili: nani atawahakikishia kwamba masharti waliyoanza nayo ndiyo watakayomaliza nayo?