Kaya Haiuzwi kwa Saini ya Mtu Mmoja

(Hotuba ya wakili kwa wazee wa kaya na wakazi, pwani ya kusini, Kwale)



Asubuhi hii mmenifunga kaniki kiunoni, mkanivua viatu, mkanipitisha ndani ya kaya yenu. Mmenionya nisivunje hata kijiti kikavu. Nilipotoka upande wa pili nikaviona vigingi vya wapima ardhi, vimepigwa hatua chache kutoka penye makaburi ya wahenga. Aliyevipiga hakuvua viatu.

Nianze kwa kuungama. Nilipokuwa wakili mchanga niliandika hati ya kuhamisha shamba moja la pwani bila kwenda kuliona. Karatasi zilikuwa safi, ada ikalipwa, nami nikalala usingizi. Baadaye nilipita huko nikakuta ukuta, na nje ya ukuta kikongwe mmoja akiomba aruhusiwe kuingia kuzuru kaburi la babake. Tangu siku hiyo naijua siri moja ya kazi yetu: ardhi hunyakuliwa mezani kabla ya kunyakuliwa shambani.

Ndugu zangu, shambulio juu ya kaya si jambo geni. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama wakala kiapo cha kuukataa utawala wa Mwingereza. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mkoloni alifahamu kwamba watu wenye mahali pao pa kukutania na kushauriana ni vigumu kuwatawala kwa amri.

Bendera ilibadilika, lakini tamaa ilibaki. Chini ya chama kimoja, na hata baada ya kifungu cha 2A kufutwa Desemba 1991, viwanja vya umma viligawiwa kama zawadi za siasa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa kirefu jinsi mali ya wananchi ilivyogawanywa kinyume cha sheria. Kaya kadhaa za hapa Kwale zilitangazwa kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992. Hata hivyo, katika kisiwa cha Chale hoteli ilijengwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990, wazee wakipinga. Tujifunze kwamba tangazo la serikali peke yake halina mikono. Mikono ni yenu.

Leo silaha mnazo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 63, inaitaja wazi ardhi ambayo jamii inaitumia kihalali kwa maabadi kuwa ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema jamii iliyosajiliwa haiwezi kuiuza ardhi yake bila kibali cha angalau thuluthi mbili ya wanachama. Si mzee mmoja, si wazee watatu walioitwa hotelini kunywa chai. Kifungu cha 40 kinasema ulinzi wa mali hauifikii mali iliyothibitishwa kupatikana kwa njia haramu. Na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuyatetea mazingira bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Nimeambiwa kuna karatasi inayozungushwa usiku, na kwamba kila atiaye saini huahidiwa fedha. Nawasihi: asiyeisoma asiisaini, na aliyekwisha kuisaini asifiche. Hatukuja kumwaibisha mtu. Njaa ina nguvu kuliko wino. Aje aseme mbele ya wenzake nani alimletea na aliambiwa nini, kwani ushuhuda wake huenda ukaiokoa kaya.

Sasa nawageukia vijana. Mmeniuliza, bila kificho, kwamba hoteli italeta kazi, je, miti italeta nini? Swali lenu ni la haki, wala halijibiwi kwa kukaripiwa. Nami nawauliza: ahadi ya kazi imeandikwa wapi, nafasi ngapi, kwa muda gani? Jirani zenu wa Kaya Kinondo wamekuwa wakiwapokea wageni kwa masharti ya wazee, nao msitu umebaki umesimama. Kaya hiyo ni miongoni mwa zile zilizoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wazee nao wawape vijana nafasi kwenye baraza. Mlinzi asiyeshirikishwa hugeuka kuwa mpita njia.

Wapo pia wanaosema kaya ni mambo ya kale yasiyopatana na dini. Mimi sikuja kuamua imani ya mtu. Lakini anayekubali kaya ya mwenziwe ivunjwe bila sheria, siku ya msikiti wake au kanisa lake atasimama juu ya sheria gani?

Basi tufanye manne. Kwanza, twende ofisi ya ardhi pamoja tukaitafute kumbukumbu ya kiwanja hiki. Pili, tudai kuiona ripoti ya athari za mazingira, na kama haipo tuandike pingamizi wiki hii. Tatu, wazee waeleze historia ya kaya, iandikwe na kuapiwa, ili isitegemee pumzi ya mtu mmoja. Nne, pasiwe na panga wala jiwe. Vigingi vile msiving'oe. Vipigeni picha, kwani ni ushahidi wetu.

Waliopigania vyama vingi hawakupigania rangi za kadi tu. Walidai kwamba mwananchi aulizwe kabla ya jambo lake kuamuliwa. Hapa, chini ya miti hii, ndipo dai hilo linapopimwa. Nitarudi Jumatatu alfajiri. Anayekwenda nami ofisi ya ardhi, anikute njia panda.