MPIRA, PASIPOTI NA SAUMU

(Mazungumzo na vijana, Kianyaga, baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mliojaliwa kufika, nimeambiwa nisiwachoshe, futari iko karibu. Najua wengine mnajiuliza: mwezi mtukufu, mpira wa nini? Lakini vijana wawili wa hapa wameniuliza kama waache shule waende Nairobi kutafuta timu, na mmoja tayari amefunga begi. Ndiyo maana.

Tumchukue Victor Wanyama. Alizaliwa Nairobi 1991. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, kwa hivyo mpira aliukuta nyumbani. Mwaka 2007 alienda Helsingborg ya Sweden, alikokuwa kaka yake, McDonald Mariga. Mariga akauzwa Parma ya Italia, na mdogo mtu akarudi nyumbani. Hapo wengi wetu tungesema basi, riziki imekatika. Yeye 2008 akaanza upya Ubelgiji, klabu ya Beerschot, akakaa miaka mitatu. 2011 Celtic ya Scotland ikamchukua. Tarehe 7 Novemba 2012, akiwa na miaka 21, akaifunga Barcelona kwa kichwa, Celtic ikashinda 2-1. Mwaka uliofuata Southampton ikamnunua kwa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Na huyu ni kiungo mkabaji jamani, kazi yake ni kunyang'anya na kumpa mwenzake, si mtu wa kutajwa kila dakika.

Sasa Mariga. Januari 2010 Manchester City walimtaka, bei ikakubaliwa, lakini kibali cha kazi kikakataliwa. Si kwamba hakujua mpira. Sheria ya kule iliangalia nafasi ya nchi yako katika orodha ya FIFA, na Kenya ilikuwa chini. Inter Milan wakamchukua, na Mei ileile wakatwaa Ligi ya Mabingwa yeye akiwa kikosini. Nawaambia haya mjue kwamba hata aliye tayari huzuiwa na karatasi.

Na karatasi ndizo walaghai wanazouza. Nikiwa kidato cha tatu alitujia bwana mmoja, fulana mpya, simu mbili, akasema ni wakala. Kila mmoja atoe elfu tano za pasipoti. Mama yangu aliuza mchele tuliokuwa tumeweka wa kula. Yule bwana hatukumwona tena, na mama hajawahi kunisuta hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mmoja ameuliza kuhusu kucheza na saumu. Agosti 2009 Sulley Muntari, kiungo wa Inter kutoka Ghana, alitolewa uwanjani baada ya nusu saa. Kocha Mourinho akasema saumu na joto vimemmaliza, na maneno yale yakazua mjadala mkubwa. Sisi mechi zetu ni saa tisa, juani. Nimemwomba mwandalizi wa ligi yetu azisogeze hadi baada ya Idd. Mbili amekubali, ya tatu bado tunaongea.

Na wewe uliyefunga begi, tuonane tukishafuturu. Njoo na namba ya huyo wakala wako, tumpigie pamoja, na mzazi wako awe amekaa hapo anasikia.