Nyumba ni Haki, Si Fadhila ya Mtawala



Sikuja hapa kuwahesabia ghorofa zinazojengwa Nairobi. Nimekuja tuulizane neno moja: jiji hili ni la nani?

Mwezi Mei mwaka wa 1990, mabanda ya Muoroto yalibomolewa. Mwezi Novemba mwaka huo huo ikawa zamu ya Kibagare. Maelfu ya watu waliachwa nje pamoja na watoto wao. Tukumbuke jiji lilitawaliwa na nani siku hizo. Baraza la madiwani lilikuwa limevunjwa mwaka wa 1983, na Nairobi kuwekwa chini ya tume iliyoteuliwa na Serikali. Mkazi wa Muoroto hakuwa na diwani wa kumlilia, wala kura ya kumwondoa aliyembomolea.

Basi Kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba, Desemba 1991, wengi waliamini kwamba mtawala atakayeomba kura ya maskini hatathubutu kubomoa nyumba yake. Kura ilirudi, lakini tingatinga hazikukoma. Mei 2020 zilifika Kariobangi, wakati wa korona, huku wananchi wakihimizwa wakae nyumbani. Mwaka wa 2021 zilifika Mukuru kwa Njenga. Mei 2024, baada ya mafuriko, waliokaa kando ya mito walipewa saa 24 wahame. Ni kweli kwamba ukingo wa mto ulikuwa wa hatari, na maji yalikuwa yameua watu. Lakini anayemwambia mtu "ondoka hapa" ana wajibu wa kumwonyesha pa kwenda.

Ndugu zangu, sheria hatukosi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa. Sheria ya ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2016, yataka ilani ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu. Na Januari 2021, katika kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba kilichobomolewa mwaka wa 2011 karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wasio na ardhi waliojenga makao katika ardhi ya umma, ijapokuwa hawaimiliki, wana haki ya makao inayopaswa kulindwa.

Tangu mwaka wa 2024 tuna pia Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Sheria hiyo yatambua kundi la wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Tuulize kila mradi unapozinduliwa: ni nyumba ngapi za kundi hili? Mama afuaye nguo za watu Eastleigh atalipaje? Nyumba haiwi nafuu kwa kuitwa nafuu.

Mwakumbuka Nabothi. Mfalme Ahabu hakulipata shamba lake la mizabibu kwa upanga. Zilitumika barua zenye muhuri na mashahidi wa uongo. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilituonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, nayo pia kwa karatasi zenye mihuri. Ardhi iliyonyakuliwa ndiyo ambayo nyumba za wanyonge zingesimama.

Tufanye nini basi? Kila ushirika ulio karibu na mabanda uweke daftari la wakazi: nani anakaa wapi, tangu lini. Ilani ikija, tudai iwe ya maandishi na tuipeleke kwa wakili siku hiyo hiyo. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, viti visibaki vitupu. Na tuanzie kwetu: kanisa lenye kiwanja mjini lijiulize kama kinamhifadhi mwenye shida au magari ya Jumapili tu.

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Hawakuisifu hali hiyo, walituonya. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba watoto wetu wanalisikia neno hilo kama hadithi ya zamani.