Hotuba juu ya Fumbo la Sataranji



Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema machache juu ya sataranji, mchezo ambao baadhi yetu huucheza jioni baada ya kazi. Wako wasemao kwamba kufumbua fumbo la sataranji ni bahati, au kipawa cha watu wachache. Mimi nasema iko njia, na karani aliyezoea kupitia faili ukurasa kwa ukurasa aweza kuifuata.

Fumbo letu ni la kweli. Mwaka 1858, katika nyumba ya opera mjini Paris, Mmarekani Paul Morphy, kijana wa miaka 21, alicheza na watu wawili wa cheo, Duke wa Brunswick na Count Isouard, walioshirikiana dhidi yake. Mwenye ubao na aupange hivi, akihesabu herufi a hadi h toka kushoto kwa Weupe, na safu 1 hadi 8 toka kwao kwenda mbele:

Weupe (Morphy): mfalme c1, malkia b3, ngome d1, askofu g5, vitunda a2, b2, c2, e4, f2, g2, h2.

Weusi: mfalme e8, malkia e6, ngome h8, askofu f8, farasi d7, vitunda a7, e5, f7, g7, h7.

Ni zamu ya Weupe. Weusi wamezidi farasi mzima. Weupe wamezidi vitunda viwili tu. Mwenye haraka aona malkia wawili wakitazamana, akamla wa adui. Kitunda cha f7 chalipa kisasi, mashambulio yamekwisha, na yule farasi wa ziada angali hai. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Basi tuulize kwa utaratibu. Swali la kwanza: mfalme wa adui aweza kwenda wapi? Hana pa kwenda. Nyumba za d7, f7 na f8 zimejaa watu wake mwenyewe. D8 na e7 zalindwa na askofu wetu wa g5.

Swali la pili: ni nani azuiaye pigo letu? Ngome yetu yatamani kufika d8, lakini farasi wa d7 amesimama njiani. Hapana budi aondoke, na hataondoka kwa hiari yake.

Swali la tatu: tuna shah ngapi? Ziko mbili tu. Ya kwanza ni ile ya kula malkia, tuliyokwisha ikataa. Ya pili ni malkia kwenda b8.

Najua mtasema, "Malkia amepotea bure!" Tuipime kwanza. Shah hujibiwa kwa njia tatu: mfalme kuhama, kukinga, au kumla mshambuliaji. Mfalme hawezi kuhama. Hakuna awezaye kukinga c8 wala d8. Hata malkia wao amezibiwa njia na farasi wake mwenyewe. Yabaki kumla, na farasi peke yake ndiye awezaye. Akila, d7 imekuwa tupu. Ngome yetu yapanda hadi d8, ikilindwa na askofu. Shah mat! Weusi wana malkia, ngome, askofu na farasi, na hata mmoja hawezi kumwokoa mfalme wao. Weupe, mbali na mfalme na vitunda, wamebakiwa na ngome moja na askofu mmoja, na hao wametosha.

Wengi hukosa hatua hii ingawa sheria wazijua. Huiona, kisha huisukuma kando kabla ya kuipima, kwa kuwa kumtoa malkia huonekana kama aibu. Nasi maofisini, na hata katika mikutano ya chama chetu, shauri jema mara nyingi hukataliwa kwa kutazamwa tu, kwa sababu lataka tutoe kitu tukipendacho.

Lakini asitoke mtu hapa akamtoa malkia wake kesho kwa ushujaa mtupu. Morphy alitoa kwa sababu kila jibu la adui lilikuwa limekwisha hesabiwa. Kwa hiyo nashauri: mtu apatapo fumbo, aandike kwenye karatasi kila shah aliyo nayo na kila jibu lake, kabla ya kugusa ubao.