Mwaka wa Neema Usitulevye

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma huko Mitundu, mkoani Singida.



Hapa Mitundu hakuna asiyemjua mrina asali. Mrina mwenye busara hakombi mzinga wote. Huwaachia nyuki sehemu ya masega, kwa kuwa anajua kiangazi kitakuja. Nimeombwa nieleze namna serikali inavyopaswa kutumia fedha inayosalia baada ya matumizi yake. Naona mrina huyo amekwisha kutujibu.

Taifa letu limewahi kupata neema ya namna hiyo. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliteketeza mibuni ya Brazili. Bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na kufikia 1977 wakulima wetu wa Kilimanjaro na Kagera walikuwa wameliingizia taifa fedha nyingi za kigeni. Baadaye masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yakalegezwa, na bidhaa zikamiminika. Lakini kufikia mwisho wa 1978 akiba ile ilikuwa imepukutika. Bei ya kahawa ilikuwa imekwisha kuteremka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, ikatubidi tuunde mashirika yetu ya reli, bandari na ndege. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na 1979 mafuta yakapanda bei.

Sisemi kwamba matumizi yale ndiyo yaliyoleta shida zote. Vita hatukuitaka, wala bei ya mafuta hatukuipanga sisi. Nasema tu kwamba dhoruba ilitukuta ghala likiwa tupu. Wazee wanaikumbuka misururu ya sukari na sabuni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Tumejifunza nini? Kwanza, ziada si pato la kila mwaka. Darasa hujengwa mara moja, lakini mwalimu hulipwa kila mwezi na chaki hununuliwa kila muhula. Halmashauri inayojitwisha gharama za kudumu kwa kutegemea ushuru wa msimu mmoja mzuri inawaahidi wananchi jambo isiloweza kulitimiza.

Pili, sehemu ya ziada iwekwe akiba kwa sheria, isiachiwe hiari ya mtu. Norwei ilitunga sheria ya mfuko wa mapato ya mafuta mwaka 1990. Botswana nayo, katika miaka hiyo ya 1990, ilianzisha Mfuko wa Pula kwa mapato ya almasi.

Tatu, tulipe madeni na kutengeneza vilivyopo kabla ya kuanza vipya. Pampu ya kisima iliyokufa, paa la shule linalovuja, na stahili za mtumishi zilizocheleweshwa, vyote ni madai halali yanayotangulia jiwe lolote jipya la msingi.

Atatokea wa kuuliza: wananchi wana shida leo, akiba ya nini? Swali hilo ni la haki. Mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri mwaka ujao, na dawa zinunuliwe. Lakini tuwe wakweli: si kila shilingi inayotumika kwa haraka humfikia mgonjwa. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, nasi tunajua jinsi safari na semina zinavyoongezeka ghafla majuma machache kabla ya siku hiyo, eti fedha isirudishwe.

Hapo ndipo wajibu wetu ulipo, ndugu zangu. Mtunza hesabu aandike kilichopo, si kinachopendeza. Mwalimu, ambaye kijiji humwamini kwa kalamu yake, awasomee wananchi hesabu za mapato na matumizi hadi wazielewe, kwa maana fedha hiyo ni jasho lao. Akiba haiozi, kinachoozesha ni mkono usiohojiwa.